Ndege Ambayo Afande Hataitamani

Mimi ndiye niliyemwita padri aje kubariki ndege iliyofichwa. Nalisema mwanzoni kabisa ili msomaji asinidhanie mtu wa akili halafu baadaye akajiona amedanganywa. Ndege ilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale Butembo, kwenye kibanda cha kuanikia kahawa, imefunikwa maturubai, na mwenyewe alikuwa ameniomba jambo moja tu: nisiseme. Sikusema. Nilimwendea padri baada ya misa nikamweleza kwamba kuna chombo kipya kwenye parcelle, kiwanja chetu, basi. Kwetu Butembo chombo kipya hakitembei bila maji ya baraka. Lori, pikipiki, hata mashine ya kusaga muhogo, vyote hunyunyiziwa kwanza, watu wakala, wakapiga makofi, ndipo mtu akashika usukani. Padri alikuja, nyuma yake ikaja kwaya, na nyuma ya kwaya mtaa mzima, kwa sababu nilikuwa nimepika mchele na harufu ya mchele haina siri. Mimi, mwenye diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, sikuona tofauti kati ya lori na ndege ya kufichwa.

Nimeyarudia haya kichwani kwa sababu ya matanga. Mwenye ndege ile, Kapiteni Paluku, alifariki Beni mwezi uliopita, kitandani, kwa ugonjwa wa uzee, jambo ambalo marubani wenzake wa miaka ile walilitaja kwa wivu kidogo. Ilibidi niende. Mimi kufika hadi kwenye mzunguko wa barabara nakuita safari, na barabara ya Beni siku hizi mtu haingii kabla ya kuaga vizuri. Nikaanza kutafuta sababu: goti, mvua, kuku wanaoatamia. Jirani yangu Mama Kahambu, ambaye ukuta wa parcelle yake ndio wangu tangu sote wawili tukiwa na meno yote, akasimama mlangoni, amekwisha kujifunga kitenge cheusi. “Muhindo, unapenda nyumba, mais siku utakufa nyumba haitakulilia. Vaa viatu.” Nikavaa. Na tulipofika Beni, chini ya turubai la matanga niliwakuta Jules na Mzee Alphonse, marubani wawili waliobaki, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanabishana jambo lile lile waliloliacha mezani kwangu ule mwaka: mutu wa kawaida, asiye na kampuni wala serikali, anataka ndege ya namna gani?

Ulikuwa mwaka wa vita ya pili ya Kongo, uasi ulipokuwa umejigawa na kujigawa tena, hata unaamka hujui ni kofia ya rangi gani itakusimamisha njiani. Nilikuwa natunza nyumba yenye vyumba vya kupangisha, karibu na njia ya kwenda uwanja wa ndege, na wapangaji wangu walikuwa marubani wa ndege ndogo zilizopeleka chumvi, sabuni na bia kwenye machimbo ya dhahabu. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu ilinifuata nyumbani. Vijana wa rika langu walikwenda Kasindi, wakaenda Kampala, wenye bahati wakafika Dubai wakarudi na miwani. Mimi nilikwenda jikoni. Wakanibatiza Kizingiti, kwa kuwa hakuna aliyeingia nyumba ile bila kunikuta. Na sikuwa na haja ya kutoka, dunia ilikuja kunywa chai kwangu. Butembo asubuhi ni baridi na ukungu. Ukungu ukikaa, rubani anakaa. Rubani akikaa, anakula. Na rubani anayekula bila kuruka hawezi kunyamaza. Walikuwa wanainuka mezani, wanakwenda mlangoni kuangalia mikaratusi ya mlima wa pili kama imeonekana, wanarudi, wanamega mkate, wanainuka tena. Nyumba nzima ilikuwa kama chungu ambacho hakijafika kuchemka. Hata mimi niliyekuwa nakata vitunguu nilikuwa nakata huku sikio liko juu, kwenye mawingu.

Jules alikuwa mtu wa Kinshasa, mrembo, mwenye Lingala ndani ya kila sentensi, na ndiye aliyeanzisha mara nyingi. “Ngai, miye, nataka ndege inakunywa kidogo kuliko miye,” alisema. Mzee Alphonse, aliyewahi kuanguka na ndege mara mbili na bado anatembea, akajibu bila kuinua macho kwenye sahani: “Ile bado haiyazaliwa.” Tukacheka. Kisha Alphonse akafuta midomo na kusema yake, pole pole, kama mzee anayegawa shamba. Mutu wa kawaida, alisema, anataka ndege yenye kusamehe. “Ukikosea kidogo, ikunyamazie. Hizi zingine, ukikosea tu, inaenda kukutafutia sanduku.” Jules akaongeza: itengenezwe na fundi wa pikipiki, hapana fundi wa kuletwa kutoka Nairobi na sanduku la vyuma, inywe essence ya kawaida, petroli ile ya kwenye chupa pembeni ya barabara, na itue kwenye uwanja wa mpira, batoto bakisogea kidogo. Wakageuka kumwangalia Paluku. Paluku alikuwa anakoroga chai. Alikuwa na desturi ya kukoroga chai hadi inapoa, halafu anaiacha. “Miye,” akasema, “nataka ndege yenye afande hataitamani.”

Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walijua. Ndege kubwa ya bosi wake ilikuwa imechukuliwa na basoda, askari wa afande mmoja, mwanzoni mwa mwaka, ikawa inabeba risasi kwenda na mbuzi kurudi, na Paluku akabaki rubani wa miguu. Ila hilo halikuwa ndilo lililomtoa usingizini. Mke wake, Kavugho, alikuwa amekwenda kwao Manguredjipa ili ajifungue mbele ya mama yake, na alipokwisha kufika, njia ikakatika nyuma yake. Msituni kulikuwa na watu wenye bunduki wa pande ambazo hata wao hawakuweza kuzitaja vizuri. Ndege za wafanyabiashara zilizokwenda kule zilikaliwa na basoda wa kulinda dhahabu, na abiria walikatazwa. Habari ya uzazi ilifika kwa phonie, redio ile ya kupiga kelele ambayo mtaa mzima husikiliza pamoja nawe. Sauti ilisema: ni binti, wote wawili wazima. Paluku akajibu, “Basi ni Masika.” Kwetu sisi Wanande mtoto wa kwanza wa kike jina linamngojea kabla hajazaliwa, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lakini kujua jina la mtoto na kutojua sura yake ni jambo baya. Tangu siku ile alitembea. Barazani nilikuwa nimepiga sakafu nta nyekundu hadi inang'aa. Aliitembelea nta yote ikaisha, akabakiza njia ya rangi ya saruji kutoka nguzo hadi nguzo. Nilimlaumu kwa ajili ya nta. Ndivyo nilivyokuwa.

Ndege aliipata upande wa Uganda, kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa anaacha shamba lake. Ilipita mpaka wa Kasindi vipande vipande katika lori la magodoro, ikafika kwangu jioni moja, na nilipoona inavyoshushwa nilidhani ni kitanda cha chuma. Mabomba, nyaya, vitambaa, na injini ambayo fundi wa pikipiki wa jirani aliikumbatia kama ndugu aliyempoteza. Mabawa yalikunjwa nyuma, kama panzi anavyofanya. Fundi cherehani alishona mahali palipochanika. Viti vilikuwa viwili, ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo Paluku aliponieleza falsafa yake, sisi wawili tukiwa tumechuchumaa chini ya bawa, mimi nikimshikia taa ingawa ilikuwa mchana. “Angalia, Muhindo. Afande hatembeaka bila escorte. Hapa atakaa wapi na askari wake? Na bunduki yake kubwa itakaa wapi? Mbuzi hata mumoja haiingie. Ni mubaya, ni mudogo, inatikisika. Nani ataiiba?” Nikaona kweli. Nikaona kwamba wazungu wanaotengeneza ndege za watu wa kawaida labda wanafikiria bei na mafuta na uzuri wa kioo, lakini mtu wa Butembo wa mwaka ule alitaka kwanza ndege ya kudharauliwa.

Halafu mimi nikaiita kwaya. Paluku alikuwa Mprotestanti. Jumapili ile alikuwa amekwenda kusali kwao, na nilihesabu kwamba atakuta mambo yamekwisha, atanishukuru. Alirudi Biblia kwapani akakuta maturubai yamekunjwa vizuri, ndege imepambwa maua ya mpapai, padri anainyunyizia mkia, na mtoto wa mtu amekaa ndani anafanya vuuu kwa mdomo. Akasimama. “Muhindo. Umefanya nini?” “Nimekusaidia, Kapiteni.” “Na nani alikuambia naomba musaada?” “Mais hata pikipiki inabarikiwaka,” nikasema, na nikamwona anakaa chini juu ya kinu changu, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Padri, mtu wa heshima, alimaliza sala haraka. Mchele ulikwisha.

Afande alikuja kabla wiki haijaisha. Sikumbuki cheo chake, kwa sababu mwaka ule vyeo vilipanda kama bei ya chumvi, ila nakumbuka kwamba alikuwa mnene, mchangamfu, na viatu vyake vilikuwa safi kwenye matope yetu, jambo lililonitisha kuliko bunduki. Akaizunguka ndege. Akagonga bawa kwa kidole. “Yaka awa, kuja hapa, Kapiteni. Hii inabeba batu ngapi?” Paluku akasema, “Babili, afande. Rubani na mutu mumoja.” “Na escorte yangu?” “Anabakia chini, afande.” Afande akaangalia juu, mbinguni, muda mrefu, nadhani alikuwa anajiona kule peke yake na rubani ambaye yeye mwenyewe alimnyang'anya ndege. Akacheka. “Hii hapana ndege. Hii ni pikipiki ya hewani.” Moyo wangu ukashuka mahali pake. Falsafa ilikuwa imefanya kazi! Lakini alipokuwa anageuka akasimama tena. “Ila mutu mumoja anaweza kutoroka na mutu mumoja.” Akawaonyesha askari wake kiti cha pili. Wakakifungua kwa ufunguo wa fundi wetu wenyewe, wakakipakia kwenye gari. Amri ikawa hii: ndege ya kiti kimoja iruke ikitaka, ya viti viwili hapana. Baadaye niliambiwa kwamba alikiweka ofisini kwake, akawa anazungumza na wageni akiwa amejifunga mkanda.

Nilikwenda kulia nyuma ya jiko, mahali ambapo ukuta ni mfupi. Mama Kahambu alikuwa upande wa pili anapeta maharage. “Unalia nini?” “Ni miye nimemuuza Kapiteni. Nimeita batu, siri imetoka.” Akapeta mara mbili, tatu. “Siri gani? Ile mashini inalia kila siku ya posho, kila Jumamosi, kuliko mutoto wangu mwenye kuumwa tumbo. Mulizania tunawaza ni nini, blender?” Sikuona faraja yoyote katika maneno hayo. Mtu aliyekwisha kujipa kosa hapendi kunyang'anywa.

Kisha phonie ikaleta sauti ya Kavugho mwenyewe, inakuja na kupotea. Basoda wa kule walikuwa wanafunga vitu vyao wakimbie vita. Watu walikuwa wanaingia porini na sufuria kichwani. “Paluku, unanisikia? Tutakwenda na wengine. Mutoto ana homa kidogo.” Halafu kelele tu. Paluku aliweka chini kile kipaza sauti, akaja moja kwa moja jikoni, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni kama mtu anayenunua ng'ombe. “Muhindo, unapima kilo ngapi?” Sikujua. Tulikwenda kwenye bascule, mizani ya kahawa, mimi nikasimama juu yake kati ya magunia, na ikaonekana kwamba chakula nilichokuwa naonja mwaka mzima kilikuwa hakijapotea. “Muzuri,” alisema. “Kavugho, mutoto, na nguo zao. Wewe ndiwe hao.” Akanieleza. Butembo iko juu, hewa ni nyepesi, mashini inachoka haraka. Manguredjipa iko chini. Kama ndege itanyanyuka hapa na mimi ndani, kule itanyanyuka na wao. Na kama haitanyanyuka na mimi? Alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea jikoni. Nafasi ya kiti ilikuwa wazi, kwa hiyo alichukua kigoda changu cha jikoni, kile cha kumenyea viazi, akakifunga kwa kamba za katani kwenye mabomba.

Uwanjani soda, askari wa zamu, alichungulia ndani. Akaona kiti kimoja, kama amri ilivyosema, na mimi nimechuchumaa juu ya kigoda na magoti karibu na masikio. “Huyu ni nani?” “Ni muzigo ya kupimia,” Paluku akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitajwa kwa usahihi. Soda alicheka hadi akaegemea bunduki. Tukaenda. Ndege ilikimbia kwenye majani, ikakimbia, ikakimbia, nikaona mikaratusi inakuja, nikaanza Salamu Maria, nikasikia Paluku naye anaomba kwa namna yao isiyo na rozari, na kati ya sala hizo mbili kitu kikatuachia. Sijui nilitegemea kuona nini. Niliona paa la nyumba yangu. Lilikuwa na kutu upande ambao kutoka chini hauonekani, na shuka nilizoanika zilikuwa zimekaa kwenye kamba kama vipande vya mkate. Nyumba ambayo nilidhani ni dunia ilikuwa ndogo kuliko kidole changu, na nikataka kushuka humo mara moja, na wakati huo huo, nikubali tu, nikataka tuendelee kwenda. Sijawahi kumwambia mtu hilo la pili. Nikamgeukia Paluku nimwonyeshe paa. Hakuangalia chini hata kidogo. Alikuwa anaangalia magharibi, mahali ambapo milima inakwisha na msitu unaanza, na midomo yake inatembea. Tulipotua alizima injini akasema neno moja: “Inakubali.” Mimi walinishusha kama gunia.

Alikwenda kesho yake, ukungu ulipofunguka. Mama Kahambu alirusha kitenge chake kizuri juu ya ukuta, cha kumbebea mtoto, akasema kisirudi kichafu. Nikaweka maziwa kwenye thermos. Baada ya hapo nyumba ikawa siijui. Nilipika sombe, majani ya muhogo, nikasahau chumvi, nikapiga nta baraza ambayo hakuna mtu wa kuitembelea, nikawa natoka hadi barabarani kusikiliza, mimi Kizingiti, narudi, natoka. Kila mlio ulikuwa wao: pikipiki, mashine ya kusaga, nyuki. Giza likaingia bila ndege. Siku iliyofuata Jules akatua kutoka Beni na kofia yake mkononi, na nilipoona kofia mkononi nilishika mlango. Kumbe alikuwa na joto tu. “Bako Beni,” akasema. “Batatu. Nipe maji.”

Haya mengine ni ya Jules. Mimi sikuwepo, kama kawaida yangu. Watu wa Manguredjipa walikuwa wameanza kuhama kijiji waliposikia mlio. Kavugho alikuja mbio na mtoto mgongoni, akafika, akaona kigoda, akasimama. “Paluku! Umenitafuta na kiti ya jikoni?” “Panda, mama.” Akapanda, mtoto kifuani, kamba ya katani kiunoni. Paluku hakuzima injini, hakushuka, hakumwangalia mtoto, kwa sababu rubani akianza kuangalia watoto atagonga mti. Butembo hakuweza kurudi na abiria, amri ya afande ilikuwa bado pale. Akaenda Beni. Na Beni, magurudumu hayajasimama, basoda wa pale walikuwa wamekwisha kuizunguka ndege wanapiga kelele: ni ya nani, imetoka wapi, ufunguo uko wapi. Jules alikuwa anapakua mizigo yake karibu, aliona yote. Paluku alizima, akatoa ufunguo kabla hawajauliza mara ya pili, akampa wa kwanza aliyenyoosha mkono. Ndipo akageuka kwa Kavugho. “Nipe Masika.” Akamchukua, akamfunua kitenge usoni, akasimama pale pale katika moshi wa injini akimwangalia, basoda wanagombania nani ataingia kwanza. Kisha wakaondoka kwa miguu. Ndege, basoda walijaribu kuiendesha siku chache baadaye, wakailaza chali kwenye majani, na batoto wa Beni wakachukua vitambaa. Paluku hakurudi tena Butembo. Aliomba valizi yake ya nguo, nikamtumia.

Na ufunguo ule ndio Jules hajawahi kumsamehe. Pale matangani, na mwenyewe amekwisha kuzikwa, bado alikuwa analalamika. “Ndege kamili vile! Inakunywa kidogo, inatua popote, pikipiki ya hewani! Na mutu anatoa ufunguo kama anatoa salamu. Angezunguka, angetua mu shamba ya mikahawa, angeificha!” Mzee Alphonse akasema kosa lilikuwa la kununua yenye viti viwili, yenye kiti kimoja hakuna ambaye angeigusa tangu mwanzo. Mimi nami, kwa kuwa nilikuwa nimesafiri na nilitaka safari yangu ionekane, nikasimama na kuanza kueleza kwamba katika hali ya vita, mutu wa kawaida anatafuta kwanza chombo kisichotamaniwa, na kwamba hapo Kapiteni alituzidi wote. Nilikuwa nimefika mbali. Masika, ambaye sasa ni mama wa watu na macho ni ya baba yake kabisa, alikuwa anapita na sahani, akasimama kusikiliza. Mama Kahambu alikuwa nyuma yangu anapakua ugali kwa wageni. Mwiko ukatulia, akanitazama mimi, kisha Jules, kisha Alphonse.

“Hakutakaka ndege, ule mutu. Alitakaka muke yake na mutoto. Mukae chini mukule.”